Pikipiki ya Shemeji na Benchi la Kinyozi

Mbele ya duka la kinyozi, hapa Mikindani, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Nairobi, kuna benchi lililoundwa kwa mbao za sakafu ya kontena. Nimelikalia benchi hilo jioni baada ya jioni nikitoka kazini Changamwe, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sijawahi kusikia hapo neno moja la maana. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikwenda pale kutafuta maarifa. Nilikwenda kwa sababu nyumba yangu ina joto, na kwa sababu mtu mwenye hasira kama mimi lazima awe na mahali pa kuzipeleka.

Benchi lina wataalamu watatu. Wa kwanza ni kinyozi mwenyewe, anayesoma habari kwenye simu kwa mkono mmoja huku mashine ya kunyolea ikizurura kichwani mwa mteja kwa mkono wa pili. Wa pili ni dereva wa malori. Tangu shehena ianze kubebwa na treni hajaitwa safari, na kwa hivyo anashikilia kwamba ile treni haibebi kitu, kwamba makontena yote tunayoyaona yakipita ni matupu na yanazungushwa tu ili watu waone. Wa tatu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye hufunga kila mjadala kwa maneno yaleyale: "Hili ni suala la kisayansi." Sayansi yenyewe huwa haifuati.

Hakuna habari ya mitambo, ya stima wala ya usafiri iliyowahi kupita pale ikatoka salama. Daraja la kuvukia Likoni limeshajengwa na kubomolewa juu ya benchi lile mara nyingi, na kila mara kinyozi ndiye aliyekuwa mhandisi. Mita za tokeni, walikubaliana, hukimbia zaidi Jumapili, kwa kuwa wenye nyumba wako kanisani na hakuna wa kuzitazama. Mtungi wa gesi siku hizi umejaa hewa. Kinu cha nyuklia ni kitu kizuri, alisema mwalimu, ila kijengwe kwa watu wengine. Na transfoma ya karibu na kanisa letu ilipopasuka, tukakaa gizani zaidi ya wiki, dereva alitueleza kwamba mafuta yake yaliibwa na wakaanga chipsi. Jioni ileile nilimwona akila chipsi.

Ningeweza kuyacheka haya hadi uzeeni. Mjinga akizungumzia daraja, daraja haliumii. Lakini ikafika siku wakamzungumzia shemeji yangu, na aliyelipia ni mdogo wangu.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa mama yetu, msichana wa kucheka kwa sauti na kuimba safu ya mbele kwaya ya kanisa. Aliolewa hapahapa Mikindani na kijana wa bodaboda, mtu mpole kupita kiasi, wa kwao Kaloleni kama sisi. Miaka ikaenda na mtoto hakupatikana. Mama mkwe wake alikuwa akishuka kutoka Kaloleni na gunia la nazi, na kabla hajaitikia shikamoo, macho yake yalikuwa yameshatua tumboni mwa mdogo wangu. Hakuwa akificha alichokitaka. Alisema mbele ya watu kwamba mwanawe hataoza akingoja, na kwamba kuna binti wa jirani yake anayejua kulima. Mdogo wangu aliacha kuimba safu ya mbele, akahamia nyuma, kisha akaacha kabisa.

Mwaka huo shemeji aliuza pikipiki yake ya petroli akachukua ya umeme. Aliipenda mno. Alikuwa akiipangusa kwa kitambaa kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Ilipita mtaani kimya kama mtu aliyevaa soksi, na betri ilipokwisha alikwenda kwenye kituo kando ya barabara kuu, akaitoa ile iliyo chini ya kiti na kupewa nyingine iliyojaa. Ile wiki ya transfoma kituo kilikosa stima ya kuchajia, akaiegesha pikipiki uani akakaa nyumbani na mkewe. Nadhani ndiyo likizo pekee aliyowahi kupata.

Benchi, bila shaka, lilikuwa na maoni. Dereva alisema masika ikiingia abiria watakaangwa kama viazi karai. Masika ikaingia, ikanyesha mpaka mitaro ikafurika, na hakuna aliyekaangwa. Mtu mwenye aibu angenyamaza hapo. Dereva alisema mvua ya mwaka huo haikuwa mvua.

Kisha siku moja kinyozi akatuita, "Njooni msikie haya!" Alikuwa na video. Mtu aliyevaa koti jeupe, wa nchi isiyojulikana, alikuwa akizungumzia joto la kompyuta inayowekwa mapajani. Pikipiki haikutajwa hata mara moja. Ilipokwisha, kinyozi akatutafsiria: betri ikikaa chini ya mwanamume inaua mbegu. Wakati huohuo shemeji akapita, kimya, na abiria wake nyuma, akatupungia mkono. Wote watatu walimtazama kama wanaotazama jeneza.

"Mwaka wa ngapi huu na mkewe?" kinyozi aliuliza.

"Pikipiki ameichukua juzijuzi tu," nikasema. "Kabla ya hapo alikuwa na ya petroli, na mtoto hakuwapo."

"Ndiyo ujue ilivyo kali, yakhe," dereva akajibu. "Imeua hata za nyuma."

"Hili ni suala la kisayansi," alisema mwalimu.

Na kwa kuwa lilikuwa suala la kisayansi, wakafanya jaribio. Nyumbani kwa dereva kulikuwa na kuku aliyeanza kuatamia siku hiyohiyo. Kinyozi akanunua mayai dukani, akayatia alama ya kalamu, akamwomba shemeji ayabebe chini ya kiti kutwa nzima, karibu na betri. Shemeji, kwa ule upole wake ambao mara nyingine natamani kuupiga kofi, akakubali. Akayafunga kwa kitambaa chake cha kupangusia, akazunguka nayo kutwa, jioni akayarudisha. Wakayaweka chini ya kuku pamoja na mayai yake mwenyewe. Muda ulipotimia, ya kuku yakaanguliwa na yale ya alama yakaoza yote.

Hawa ni watu wenye asili ya mashambani, waliozaliwa kwenye nyumba ambamo kuku hulala chini ya kitanda. Lakini mji umewakaa hadi kwenye ubongo. Niliwaambia, "Yale ni mayai ya gredi. Yametoka kwenye trei. Kuku aliyeyataga hajawahi kuonana na jogoo tangu azaliwe. Hata mngeyabeba kwa mkokoteni yasingeanguliwa."

Kinyozi alinitazama kwa huruma. "Wewe wasema hivyo kwa kuwa ni shemejio."

Nikanyanyuka nikaenda zangu. Nilikuwa na hasira, lakini bado niliona ni mzaha. Sikujua kwamba ule mzaha ulikuwa umeshapanda gari kwenda Kaloleni.

Haukupita muda tukaitwa kikao. Kwetu, ndoa ikikwama, wazee wa pande mbili huketi, na hakuna neno linalofunguliwa kabla ya kadzama, ile zawadi ya pombe ya mnazi inayowekwa katikati ya watu. Sisi ni watu wa kanisa, basi kadzama yetu ilikuja ikiwa kreti za soda. Tukaketi uani kwa shemeji. Baba yetu alikuwa ameshafariki, hivyo upande wa mke mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, maana nilijua kilichokuwa kimepangwa tangu zamani: mdogo wangu arudishwe kwetu.

Ami yake shemeji akafungua soda, akaanza. Na badala ya kumtaja mdogo wangu, akaitaja pikipiki. Akaitaja video. Akayataja mayai, na alivyoyaeleza yalikuwa yamejaribiwa na madaktari. Mama mkwe alikuwa amejitanda leso, anatikisa kichwa kwa masikitiko, na kwa mara ya kwanza tangu harusi hakumtazama mdogo wangu tumboni. Alikuwa anaitazama pikipiki, iliyokuwa imeegeshwa ukutani, imepanguswa inang'aa.

"Upande wa mke mwasemaje?" ami akauliza.

Niliyaona mambo yote kwa pamoja. Nikisema kweli kuhusu mayai, lawama inarudi pale ilipokuwa, kichwani mwa mdogo wangu. Nikinyamaza, anayefukuzwa ni mashine. Mashine haina mama wa kuilia. Nikasema, "Wazee, hata mimi habari hiyo ya betri nimeisikia."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni amebeba sinia la vikombe. Alinitazama. Alikuwapo nilipowasimulia watu wa nyumbani habari ya mayai ya gredi tukacheka mpaka machozi. Akaingia ndani. Mama mkwe alikula chakula alichopika mdogo wangu siku ile, akasifu mchuzi.

Pikipiki ikauzwa. Shemeji akarudi kwenye ya petroli, kuukuu, inayokohoa moshi na kuamsha watoto wa watu alfajiri. Kile kitambaa cha kupangusia sikukiona tena.

Pikipiki haijamaliza hata mwezi tangu iondoke, mdogo wangu akaanza kutapika. Alipokwenda kliniki, muuguzi akamwambia ni mjamzito, na kwamba ile mimba imeshakua, yuko mwezi wa nne. Alikuja kwangu akikimbia, leso imemdondoka njiani hata hakuiokota. Nililia, sioni haya kusema. Kaloleni walipiga vigelegele. Na kule kwenye benchi mtu angedhani waliobeba mimba ni wao. "Tulisema!" kinyozi alikuwa akimwambia kila aliyekuja kunyolewa. "Pikipiki imetoka, mtoto ameingia!"

Yangeishia hapo kama kinyozi hangejua kuhesabu. Kwa bahati mbaya, hesabu ndogondogo anazijua. Jioni moja tumekaa, akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, akatazama juu, vidole vikacheza.

"Mwezi wa nne," akasema. "Lakini pikipiki si imeuzwa juzi?"

Wenzake nao wakaanza kuhesabu. Nikafurahi, Mungu ananiona. Nikadhani hatimaye mwanga umewaingia: kwamba mtoto ametungwa shemeji akiwa juu ya betri, na hivyo betri haina hatia, na hivyo wao ni wapumbavu. Nilingoja mmoja aseme. Ilikuwa hatua moja tu, ndogo.

Dereva akasafisha koo. "Kumbe basi," akasema polepole, "mtoto si wake."

"Mh," kinyozi akaitikia.

Mwalimu alinitazama, akainamisha macho kwa adabu. Hata ule wimbo wake wa sayansi hakuuimba. Walikuwa na vitu viwili mbele yao, maoni yao na heshima ya mwanamke waliyemjua tangu akiwa msichana, na ilibidi kimoja kitupwe. Hawakufikiri hata kidogo.

Niliwatukana. Siwezi kuyaandika niliyoyasema. Mteja aliondoka na kichwa kimenyolewa nusu.

Lakini tusi halizuii habari kusafiri. Siku chache baadaye shemeji alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akakataa chai. Alikuwa amekonda.

"Shemeji," akasema, "nakuuliza kama mwanamume mwenzangu. Huyu mtoto..."

"Huyu mtoto ni wako."

"Nitajuaje?"

Nikamweleza habari ya mayai. Nikamweleza habari ya jogoo. Nikamweleza kwamba yule mtu wa koti jeupe alikuwa anazungumzia kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ule upole wake, kisha akasema, "Lakini kikaoni ulisema wewe mwenyewe. Mbele ya wazee. Ulisema habari ya betri waijua."

Akaniambia mama yake anashuka Jumamosi, na kwamba safari hii haji na nazi. Akaniambia mdogo wangu amejifungia chumbani, hali chakula, na mimba ile. Alisema haya yote bila kupandisha sauti, na akaondoka akiisukuma ile pikipiki yake ya moshi, kana kwamba hata kuiwasha hakuona sababu.

Nilikaa pale nikafikiri. Ningeweza kwenda na daktari. Ningeweza kwenda na vitabu. Wangemsikiliza daktari vizuri kabisa, wangemkaribisha akae, halafu akiondoka kinyozi angesema naye amelipwa. Watu wale ukweli hauwang'oi. Kuna dawa moja tu inayowaingia, nayo ni ileile wanayokunywa kila siku.

Kesho yake nikaenda kwenye benchi. Nikaketi, nikaamkiana nao kana kwamba sikuwahi kuwatukana, nikatoa simu yangu nikaitazama kwa uso mzito. Simu ilikuwa imezimika.

"Kuna jambo limetoka," nikasema. "Wamechunguza zaidi ile habari ya betri."

Mashine ya kinyozi ikanyamaza.

"Wanasema ni kweli inaua. Lakini mwili wa mwanamume ukikaa mbali nayo wiki nzima, unajisafisha. Zinazotoka hapo zinakuwa na nguvu mara dufu." Nikaacha yakae. Kisha nikauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Hivi, ile transfoma ya kanisani ilipasuka lini?"

Nilihesabu pumzi zao. Kinyozi ndiye aliyeanza, vidole vikacheza, macho yakapanuka.

"Wallahi!" akapiga paja. "Ile wiki ya giza! Kijana alikuwa nyumbani! Pikipiki ilikuwa uani!"

"Nilimwona mimi," dereva akasema. "Nilimwona amekaa mlangoni anakula miwa. Nikasema moyoni, huyu leo anapumzika."

"Mwezi unaingia sawasawa," kinyozi akasema. "Unaingia kabisa!"

Mwalimu akajinyoosha, akapangusa miwani. "Hili," akasema, na machozi nusura yanitoke kwa jinsi nilivyomdharau, "ni suala la kisayansi."

Walimwita shemeji palepale. Walimpigia simu wote watatu, mmoja akimnyang'anya mwenzake. Alipofika wakamweleza kwa zamu, wakiongeza kila mmoja chake, na dereva akamkumbusha hata miwa. Niliona uso wa shemeji ukifunguka. Alikuwa anataka sana kuamini, maskini, alichokosa ni upuuzi wa kutosha wa kumsaidia. Akashika kichwa, akacheka, akalia, akakimbia nyumbani. Mama mkwe alishuka Jumamosi na gunia la nazi.

Nilikwenda kwa mdogo wangu jioni ya Jumapili. Nilikuwa na kiburi kidogo, nakiri. Nilimkuta amekalia mbuzi anakuna nazi, tumbo limemzuia kuinama vizuri. Nikamsimulia yote, simu iliyozimika, vidole vya kinyozi, miwa ya dereva. Nilimwigiza mwalimu. Nilitarajia kile kicheko chake cha zamani.

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo, kaka, transfoma isingepasuka, mimi ningekuwa malaya?"

"Nimekuokoa," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema, akachukua nazi nyingine.

Mtoto alizaliwa wa kiume, na masikio yake yamechomoza mbele kama ya shemeji, hakuna anayehitaji kuuliza. Ana jina lake la kanisani, jina zuri, la babu. Lakini benchi lilimpa lake siku aliyoletwa kunyolewa nywele za kwanza, na la benchi ndilo lililoshika. Steji nzima ya bodaboda inamwita Transfoma. Na kwa kuwa huku kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, mdogo wangu sokoni, kisimani, hata kanisani, ni Mama Transfoma. Wanamwita kwa mapenzi, wanacheka, na kila wakimwita wanamkumbusha ni kitu gani kilichomtolea ushahidi. Huwa haitiki. Wao husema siku hizi amekuwa na maringo.

Juzi nilipita kwake nikitoka kazini. Kichwa kilikuwa kimejaa kelele za benchi, maana nilikuwa nimetoka huko, na wanabishana sasa kama mabasi ya umeme yanaweza kupanda mlima wa Mazeras. Nikabisha hodi mlangoni kwa mdogo wangu, na kabla sijajizuia, mdomo ukasema wenyewe:

"Hodi, Mama Transfoma!"

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Nilingoja ile "abee kaka" yake niliyoizoea tangu akiwa mtoto. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona nusu ya uso wake.

"Huyo hakai hapa," akasema, na akaufunga.